Pipa Lisilopita Mizanini

Betri zote zilikuwa na tundu.

Mpelelezi wa Mamlaka ya Mazingira alichuchumaa ukingoni mwa shimo, glavu zimemfika viwikoni, akaokota ganda jingine la betri ya gari na kuligeuza chini juu. Tundu hilo hapo. Dogo, la pembe nne, kwenye kona ya chini, palepale lilipokuwa kwenye ganda la kwanza na mengine yote aliyoyatandaza juu ya turubai tangu asubuhi. Watu wa mtaa ule walikuwa wamembandika jina la Mama Udongo, kwa kuwa kila alipopita aliondoka na udongo wao ndani ya vichupa. Jina hakulipenda hata kidogo, lakini mtaa ukishakubandika jina utafanya nini? Unaitika, maisha yanaendelea.

Shimo lilikuwa nyuma ya tanuri la kuyeyushia risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo ndani ya betri kuukuu. Tanuri lilikwisha kuzimwa, na mwenyewe alikwisha kufa, akawaachia majirani bomba la moshi lililopinda na sumu chini ya miguu. Watoto wa upande wa kisima walipopimwa damu, risasi ilionekana, na si kidogo. Kisima kikatiwa kufuli, kina mama wakawa wanateka maji mtaa wa mbali, ndoo kichwani na matusi mdomoni. Matusi mengi yalimwangukia Mama Udongo, maana marehemu hatukaniki akasikia.

Kusafisha ardhi ile kulitaka mtu wa kugharamia, na kaburini hapapelekwi hati ya mashtaka. Sheria ya usafishaji ilisema wazi: mwenye mahali akikosekana, watafutwe wale ambao taka zao zililetwa hapo. Asipopatikana yeyote, kisima kingebaki na kufuli lake, pengine hadi watoto wale nao wapate watoto.

Na aliyeonekana alikuwa mmoja tu. Kila ganda lilikuwa na doa la rangi ya kijani ubavuni, na mtu yeyote pale mtaani angekuambia doa hilo ni la nani. Mzee Sumaku, mnunuzi wa vyuma chakavu, alipaka rangi kila alichokinunua, ili wezi wasimwibie usiku kisha asubuhi wakamuuzia mali yake mwenyewe. Lilikwisha kumtokea mara moja. Alicheka mpaka machozi, halafu akaenda kununua kopo la rangi.

Lakini doa la kijani peke yake halikumtia mzee hatiani. Sheria hiyohiyo ilimkinga mwenye kuuza chakavu ili kiyeyushwe na kutumika tena. Huyo ameuza bidhaa, hakutupa taka. Kilichomkera Mama Udongo ni lile tundu. Watu wa tanuri walikuwa wakivunja betri kwa shoka, juu, na alama za shoka zilikuwepo. Aliyekwisha kumkata mtu kichwa hana haja ya kumtoboa kisigino. Kwa hiyo tundu lilitangulia, na lilipigwa na mkono mwingine, kwa sababu moja tu inayoingia akilini: kumwaga maji ya betri, yaani tindikali. Na maji hayo ndiyo yaliyokiua kisima. Risasi kavu hulala pale ulipoilaza. Tindikali huiyeyusha na kuisindikiza chini mpaka kwenye maji ya kunywa.

Udongo ulikwisha kumwambia kuwa tindikali ilimwagwa humohumo shimoni, kwa wingi, mahali pamoja, upande ambao lori linaweza kurudi nyuma. Sasa alimtaka aliyeileta.

Majirani walikuwa na jibu tayari, na walilitoa bila kuombwa. Dereva! Dereva wa lori la Mzee Sumaku, nani mwingine? Muuza mkaa wa kona aliapa kuwa alimwona kwa macho yake mawili akisimama kisimani na ndoo, siku nyingi tu. Mama Udongo alimkuta dereva huyo gereji, kalala chini ya lori, miguu tu ndiyo iko nje.

"Karibu, mama," miguu ilisema. "Umekuja kuchukua na udongo wa gari langu?"

"Wanasema ulikuwa unasimama kisimani na ndoo."

"Nilikuwa nateka maji ya rejeta. Gari hili linakunywa kuliko ng'ombe. Kuteka nako ni kosa siku hizi?"

"Kumwaga ndiko kosa."

Dereva akajivuta nje, akajifuta mikono kwa tambara, akamwangalia bila woga. "Betri za Mzee Sumaku mimi nazipakia kavu. Kavu kabisa. Hunisadiki, panda juu uangalie mbao. Betri yenye maji inakula mbao, hilo hata wewe na vichupa vyako unalijua."

Alipanda. Alipiga magoti akachokoa mbao za bodi kwa kisu, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa ngumu, za zamani lakini nzima. Dereva hakusema uongo. Tayari alikuwa anajiandaa kushuka alipofika kona ya nyuma, karibu na mlango wa bodi. Hapo ubao ulikuwa mweusi, umelika, na alama yenyewe ilikuwa duara. Akatoa tepu akaipima kwa upana, akaipima tena.

"Hapa palikaa nini?"

"Vitu vingi vimekaa hapo. Hata mke wangu amewahi kukaa hapo, siku tuliyohama."

"Mkeo hajaunguza mbao."

"Humjui mke wangu," dereva alisema, lakini hakucheka, na macho yake hayakutaka kukaa kwenye lile duara. "Mama, mimi ni mtu wa usukani. Naambiwa peleka, napeleka. Mengine muulize mwenye mali."

Yadi ya Mzee Sumaku ilikuwa na lango moja, na hapo langoni ndipo mizani ilipokaa, huwezi kuingia wala kutoka bila kuipita. Ndani palikuwa na malundo: masufuria yaliyotoboka, injini zilizofunguliwa matumbo, mabati, baiskeli zisizo na magurudumu. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kibanda cha bati alichokiita ofisi, sumaku yake imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Kila chuma kilichoingia alikigusisha kwanza, na ndiyo iliyompa jina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usikalie hicho, mguu wake mbovu. Kaa hiki."

Mpwa wake wakili, kijana mwenye tai na viatu visivyojua grisi, hakungoja akae vizuri. "Dada yangu, tusipotezeane muda. Mjomba aliuza betri kwa mtu aliyeyeyusha betri. Mchana kweupe, kwa mizani. Sheria unaijua."

"Naijua. Aliyeuza chakavu kikatumike tena hadaiwi usafishaji."

"Haya!"

"Anayedaiwa ni aliyempa mwenzake taka akamtupie, hata kama hakuimwaga kwa mkono wake."

"Na mjomba hajampa mtu taka. Kila kilichotoka hapa kilipimwa na kuuzwa."

Mama Udongo akamgeukia mzee. "Kila kitu?"

"Mwanangu," Mzee Sumaku alisema kwa fahari, "hapa hata paka akitoka anapita mizanini."

"Na pipa?"

Tabasamu lilimkauka mdomoni. Aliangalia kona ya mbali ya yadi, mahali penye sakafu ya saruji iliyobabuka, kisha akaangalia mikono yake.

"Pipa gani?" wakili akadakia.

"Lori lenu lina duara lililoungua kwenye ubao wa nyuma. Nimelipima, ni kitako cha pipa. Kitu chenye tindikali kilisafiri pale mara nyingi."

"Dunia imejaa mapipa, dada. Pipa la maji, pipa la mafuta. Dereva wetu hatakumbuka pipa lolote, hilo nakuhakikishia. Mjomba, nyamaza."

Mjomba akanyamaza. Lakini hakukana, na mpelelezi alilitia hilo moyoni. Aliuliza kama anaweza kuongea na makuli.

Wakili alicheka kwa raha. "Ongea nao wote! Wanampenda huyu mzee kuliko baba zao waliowazaa. Hutapata hata mmoja wa kumsema vibaya."

Na ni kweli, hakumpata.

Makuli walikuwa wanapakia vyuma vifua wazi, jua limewakalia migongoni. Mama Udongo alisimama akawatazama kwa muda. Alikwisha kuona yadi nyingi za betri, na makuli wake unawajua kwa ngozi: mabaka, makovu, suruali zilizotoboka kana kwamba zimeliwa na nondo. Hawa ngozi zao zilikuwa safi. Isipokuwa mmoja, mkubwa wao kwa umri, ambaye bega lake la kulia hadi mgongoni lilikuwa kovu moja linalong'aa, ngozi imevutana. Walimwita Bega, na alikuwa ameketi kivulini akinywa maji.

"Shikamoo, baba. Mjukuu anaendeleaje?"

Walikuwa wanafahamiana. Bega aliishi upande wa kisima, na mjukuu wake wa kike alikuwa miongoni mwa watoto waliopimwa.

"Marahaba, mama. Yupo. Kucheka anacheka vizuri, kusema ndiyo bado. Bibi yake anasema kuna watoto wavivu wa ulimi, atasema tu."

Mama Udongo alikuwa ameyaona majibu ya damu ya mtoto yule, na uvivu haukuwemo.

"Bega lako lilipatwa na nini, baba?"

"Betri, mama. Zamani tulizibeba na maji yake. Ukiinama kidogo tu, yamekushukia. Nililala hospitali mpaka manesi wakawa ndugu zangu."

"Na hawa vijana, mbona hawana hata alama?"

Alijua anachokifanya alipouliza hivyo. Angeweza kumwambia, baba, ngoja kwanza, utakalolisema litamgusa bosi wako. Sheria haikumlazimisha kusema hivyo, naye hakusema. Roho ilimsuta pale pale, na bado alifungua kalamu.

Bega alifurahi kuulizwa. Uso ulimkunjuka, akaweka kopo la maji chini ili apate mikono yote miwili ya kuelezea.

"Ni yule mzee pale, Mungu amweke! Nilipoungua alikuja wodini, akalia mbele za watu, mwanaume mzima na mvi zake. Akasema, Bega, haitatokea tena mtu aungue yadini kwangu. Akatengeneza msumari wa pembe nne kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo kila betri tunaitoboa kwenye kona, maji yanashuka pipani, tunapakia kavu. Wenye yadi nyingine walimcheka, wakasema anawadekeza makuli. Hakujali!"

"Na pipa likijaa?"

"Linapanda lori. Mwenye tanuri alikuwa hayataki yale maji, bosi akambembeleza sana. Mwishowe akawa anamwongezea shaba kidogo juu, ya bure, ili tu ayachukue. Unaona moyo huo? Anatoa mali yake ili sisi tusiungue."

"Pipa lilipita mizanini?"

"Lipite kwa nini?" Bega alicheka. "Maji machafu nani atayanunua?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe, nzima, kwa sentensi moja, na aliyeitoa alikuwa anacheka. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga, lakini hawakusema wema wenyewe ukishaachwa unaelekea wapi. Mama Udongo aliandika yote, akamsomea neno kwa neno kama utaratibu unavyotaka.

"Hujaweka kuwa ni mtu mwema," Bega alilalamika. "Mtaani wanamsema vibaya, wanasema kesi inamjia. Weka."

Akaweka. Bega akatia sahihi kwa herufi kubwa, akapuliza wino ukauke.

Kule ofisini, wakili aliyasoma maelezo yale akiwa amesimama. Alipofika kwenye shaba ya bure aliketi, kwenye kile kiti kibovu, na kikamvumilia. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi.

"Shahidi mmoja," alisema. "Kuli. Mahakamani nitamhoji mpaka asahau jina la mama yake. Nitasema alikuwa mlevi, na kuna kipindi alikuwa mlevi kweli. Nitasema ana kinyongo kwa sababu ya bega lake."

"Bega hana kinyongo," Mzee Sumaku alisema.

"Mjomba, mahakamani atakuwa nacho."

Mzee alimwomba mpelelezi amsomee yale maelezo. Akasomewa, ameshika tama, na walipofika mahali pa wodini alifumba macho. Nje vyuma viligongana, makuli wakaimbiana kupokezana mzigo.

"Maji yale ndiyo yaliyofika kisimani?"

"Ndiyo, mzee."

"Bega anakaa huko."

"Ndiyo."

"Na yule mjukuu wake, yule asiyesema..."

"Damu yake tumeipima. Risasi imo."

"Huwa anamleta hapa," Mzee Sumaku alisema. "Mimi namtania. Namwambia, wewe, ulimi wako umemuuzia nani, mbona kwangu haujapita?" Alijifuta uso kwa kiganja chenye kutu. "Mwenye tanuri aliniambia ana mahali pa kuyaweka. Sikumuuliza wapi. Nilishukuru tu yameondoka kwangu, nikalala usingizi."

"Mjomba!" wakili aliruka. "Hilo ni kukiri!"

"Nyamaza, mtoto wa dada yangu. Mwanangu, hiyo sheria yako inajali kuwa nilifanya kwa nia njema?"

"Haijali, mzee. Inauliza kitu kimoja: ulikuwa unauza au unatupa." Akaongeza, na hakuwa na wajibu wa kuongeza: "Ningependa ingejali. Kweli ningependa."

"Nikikana itakuwaje?"

"Bega ataitwa mahakamani. Mpwa wako atamvua nguo mbele za watu. Akishinda, kisima kinabaki kimefungwa. Akishindwa, Bega ataelewa maneno yake yamekufanya nini."

"Na nikisema mwenyewe?"

"Basi simhitaji yeye. Karatasi hii inalala kwenye faili, haisomwi popote."

Wakili alipiga magoti, na tai yake ikagusa grisi asiione. Alimwambia mjomba yadi itauzwa, na nyumba iliyo nyuma ya yadi itauzwa pia, maana kusafisha ardhi si kufagia uwanja. Mke wake ataishi wapi kwenye uzee huu? Na hao makuli anaowapenda watakwenda wapi kesho?

Hilo la mwisho lilimchoma mzee, alionekana. Aligeuka akawatazama kupitia dirisha lisilo na kioo.

"Watapata kazi kwingine," alisema. "Wana ngozi nzima. Andika, mwanangu."

Mama Udongo akaandika. Mzee alieleza yote kwa utaratibu: msumari, pipa, shaba, na swali ambalo hakuuliza. Hakumtaja Bega. Alisema kuli mmoja aliungua, basi. Kisha akatia sahihi. Kesi ilikuwa imekwisha, na mpelelezi alikuwa ameshinda, na alitamani siku hiyo angekuwa mshonaji, mpishi, mtu yeyote wa kazi nyingine.

"Ombi moja," mzee alisema akimrudishia kalamu. "Asijue. Akikuuliza, mwambie lolote utakalo, ila hilo asijue."

"Sitamwambia."

Bega alikuwa anamngoja langoni, kando ya mizani, amevaa shati na kulifunga vifungo vyote kana kwamba ameitwa mbele ya mkubwa.

"Mama, nisamehe nakuuliza. Yale maneno yangu yamemsaidia bosi?"

"Yamesaidia, baba. Kisima kitasafishwa."

"Afadhali! Mtoto atakunywa maji ya karibu. Na kama yatatakiwa mahakamani, niite. Mimi siogopi watu. Nitayasema yote, hivyohivyo nilivyokwambia."

"Hutaitwa."

Uso wa Bega ukasinyaa. "Kwa nini? Sikusema vizuri?"

"Umesema vizuri sana, baba."

Bega akacheka kwa furaha, akampa mkono, akageuka na kuingia yadini mbiombio, akimwita bosi wake kwa sauti ili awahi kumpa habari kuwa amemtetea.